Sura ya Tano: Chui Mmoja, Mikono Mingi

Ukiwataja wachoraji wa Tingatinga mbele ya mtu aliyesomea sanaa, usishangae akikunja uso. "Wale? Wale si wanakopi tu!" Shutuma hiyo imewaandama kwa zaidi ya nusu karne na haijachuja. Ingia Morogoro Stores, pale Oysterbay kando ya barabara ya Haile Selassie, utaona inakotoka. Chui wa banda la kwanza na chui wa banda la tatu ni mapacha. Twiga, kanga, samaki, Kilimanjaro na theluji yake, vyote vimejipanga ukutani kutoka sakafuni hadi kwenye mabati, na ukizunguka nyuma utavikuta tena vimeanikwa juani vikiwa bado vibichi.

Mimi nakitetea kikundi hiki, ingawa si kwa kila jambo. Nadhani wanaokishutumu wametazama picha bila kuwatazama watu waliozichora, tena bila kuuliza hao watu wanahusianaje. Tingatinga ilianza kama ukoo, ukoo ukawa karakana, karakana ikaja kuwa chama cha ushirika. Mtu akiikosoa kwa kipimo cha msanii mmoja aliyejifungia chumbani na kipaji chake, atakuwa anapima unga kwa futi.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini kabisa mwa Tanzania, nchi ya Wamakua, Wayao na Wangindo. Miaka ya 1950 akafanya walichofanya vijana wengi wa kusini wakati ule: akaenda Tanga kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Kutoka Tanga akashuka Dar es Salaam. Huko alifanya kazi nyingi za mkono: bustani na kazi za nyumbani kwa Mzungu, ujenzi, kudarizi, na baadaye uhudumu wa wodi katika hospitali ya Muhimbili. Muziki nao alipiga. Darasa la sanaa hakulikanyaga.

Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa mtu mzima wa miaka 36. Wengi husimulia kwamba alivutiwa na picha za wachoraji wa Kikongo zilizokuwa zikitembezwa mitaani Dar es Salaam, akajiambia kwamba hata yeye anaweza. Sioni sababu ya kulipamba zaidi ya hapo. Mtu mwenye mshahara mdogo aliona bidhaa inanunuliwa, akaitengeneza ya kwake. Vifaa vilikuwa vya duka la vifaa vya ujenzi: hadibodi, ile ile inayopigwa kwenye dari, na rangi ya mafuta inayong'aa, ambayo mafundi walikuwa wakipakia baiskeli. Bodi nzima ya futi 4 kwa 8 ukiikata miraba ya futi 2 kwa 2 unapata vipande 8, na hakibaki hata chenga. Picha nyingi za mwanzo zina ukubwa wa kukaribia huo, sentimita 60 kwa 60 hivi, na mimi naamini kipimo hicho kilipangwa na msumeno kabla hakijapangwa na jicho.

Juu ya mraba huo aliweka mnyama mmoja. Nyuma hakuna mbuga wala upeo wa macho, ni rangi moja au mbili tu zilizotulia. Mnyama amejaa kutoka ukingo hadi ukingo, jicho la duara linakutazama, mwili umejaa madoa. Picha kama hiyo haihitaji maelezo, na mnunuzi wake alikuwa jirani: mabalozi, wataalamu wa kigeni na wake zao waliokuja Morogoro Stores kununua mboga na mkate. Aliyekaa na picha pale nje ni mkewe, Agatha Mataka. Katika vitabu vingi yeye hupewa mstari mmoja. Lakini ondoa mwanamke aliyejua kukaa na bidhaa, kutaja bei na kumrudisha mteja aliyekwisha geuka, halafu uniambie kama leo tungekuwa na jambo la kuandika.

Picha zilipoanza kutoka, ndugu wakaja. Hapa ndipo penye kiini, maana Tunduru ya Wamakua hufuata upande wa mama, na kwa watu wanaofuata upande wa mama, mjomba ana kazi. Mpwa akishakua hupelekwa kwa mjomba, akale kwake, amtumikie, ajifunze kazi yake, iwe uvuvi, useremala au biashara. Kama mjomba anachora chui, mpwa atachora chui. Hakuna ada wala cheti. Waliomzunguka Edward pale Mikoroshoni, Msasani, walikuwa aghalabu jamaa zake na watu wa kwao: January Linda, Simon Mpata, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah, Adeusi Mandu, na Omari Amonde aliyejiunga nao. Mwanafunzi alianza kwa kupaka rangi ya nyuma, akapanda hadi kujaza mwili, akapanda tena hadi madoa, na mwisho akaruhusiwa kuanza na kumaliza ya kwake.

Kwa mafunzo ya namna hiyo, kufanana ndiko kufaulu. Fundi cherehani anayefundisha kushona suruali hatamsifu mwanafunzi aliyeleta suruali yenye miguu mitatu. Mwanafunzi wa Mikoroshoni aliambiwa, kwa vitendo zaidi kuliko kwa maneno, kwamba chui wake atakuwa tayari siku mteja atakaposhindwa kumtofautisha na chui wa mwalimu.

Serikali nayo ilikuwa imeanza kuona. Kampuni ya taifa ya sanaa, iliyokuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, ilinunua picha za Tingatinga na kuziuza kwa niaba ya nchi iliyokuwa ikijitafutia sura yake ya kitamaduni. Kisha, mwaka 1972, polisi waliokuwa wakifukuza wahalifu walilifyatulia risasi gari alimokuwa, wakidhani ndimo walimo wezi. Akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Miaka minne. Ukiiweka sawasawa kichwani, utaona kwamba karibu kila picha ya Tingatinga iliyoko duniani imechorwa na mtu mwingine.

Baada ya mazishi, wanafunzi wangeweza kutawanyika. Wengine walitawanyika kweli. Simon Mpata alihamia Nairobi, akachora huko hadi alipofariki mwaka 1984. Picha zake zilipendwa sana na Wajapani, na leo kuna hoteli ya watalii Maasai Mara yenye jina lake. Waliobaki Dar es Salaam waliendelea kuketi pale pale Morogoro Stores, chini ya miti, wakichora kile mteja alichokuja kukiulizia. Mteja aliulizia Tingatinga. Basi jina la marehemu likawa jina la kazi, kama jina la ukoo linavyobebwa na watoto ambao babu hakuwaona. Walijikusanya kwanza kwa ubia usio rasmi, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika. Shirika la Uswisi la Helvetas lilikuja kuwasaidia katika miaka hiyo ya 1990, na maonyesho ya nje yakafuata.

Naomba tuketi kidogo na mchoraji kazini, kwa sababu mambo mengi yanayobishaniwa juu ya kikundi hiki hujibiwa na rangi yenyewe.

Rangi ya mafuta si rangi ya maji. Haichanganyiki kirahisi juu ya picha. Ukigusa nyekundu ambayo haijakauka na brashi ya njano, umeharibu zote mbili. Kwa hiyo mchoraji hufanya kazi kwa tabaka. Siku ya kwanza anapaka nyuma. Zamani ilikuwa rangi moja iliyolala tu, siku hizi wengi wanapenda nyuma inayofifia kutoka rangi ya machungwa kwenda njano kama jua linalozama, na hiyo huipata kwa kugongagonga kipande cha sponji mahali rangi mbili zinapokutana, upesi, kabla hazijashika. Halafu anaianika. Hapo hakuna la kufanya isipokuwa kusubiri, na msimu wa masika kusubiri huko kunarefuka kwa sababu hewa yenyewe imelowa. Siku za upepo ni mbaya zaidi: vumbi la barabarani linakuja kutua juu ya rangi mbichi na kubaki humo maisha yote.

Nyuma ikikauka, anaingiza umbo la mnyama. Fundi mzoefu hachori kwanza kwa penseli. Anashika brashi, anavuta mgongo wa chui kwa mkupuo mmoja kutoka sikioni hadi kwenye mkia, na mkono unajua pa kupinda maana umepapinda mara nyingi mno. Chui anajazwa njano. Anaanikwa tena. Kisha yanakuja madoa, kwanza mabaka ya kahawia, halafu vidole vidogo vya rangi nyeusi vinavyoyazunguka. Kwa madoa hayo wengine huipunguza brashi kwa wembe hadi yabaki manyoya machache. Mkono hautetemeki na mtu hanyamazi. Anaongea habari za mpira na bei ya mchele huku madoa yakienda yenyewe mstari kwa mstari. Jicho ndilo la mwisho. Nyeupe, nyeusi, na tone jeupe dogo linalolifanya lionekane limelowa.

Kwa kuwa kila tabaka linataka muda wa kukauka, mchoraji anayetaka kula hawezi kukaa na picha moja. Anakuwa na tano au kumi zinazokwenda pamoja: hii inasubiri nyuma, ile inasubiri madoa, nyingine ni macho tu. Ukiwa na kumi mkononi, na rangi ya njano imeshafunguliwa kopo, utajaza chui wote njano. Kufanana kwa picha kumeanzia hapo kabla hata mteja hajatia neno.

Hadibodi ilikuja kuachwa kwa sababu ya sanduku la mtalii. Bodi haikunjiki. Kitambaa cha merikani, kikivutwa kwenye fremu ya mbao na kupakwa rangi ya msingi, kinaweza kubanduliwa, kikaviringishwa na kuingia kwenye ndege. Badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya mtindo huu pengine ni hilo, na halikuletwa na mwananadharia yeyote.

Nisije nikaeleweka kwamba wote wanachora chui. Ndani ya ukoo huu walitokea watu waliochoka na mnyama mmoja katikati ya mraba. Mohamed Wasia Charinda, aliyefariki mwaka 2021, alichora hadithi: ngano za kusini, mashetani, misafara ya watumwa, maisha ya kijijini yenye watu wengi kiasi kwamba inabidi usogee karibu kuwasoma mmoja mmoja. Amonde ana wanyama wake ambao ukishawazoea huwezi kuwapa mwenye mkono mwingine. John Kilaka aliipeleka kazi hii kwenye vitabu vya watoto, wanyama wake wakivaa nguo na kuendesha baiskeli, na vitabu hivyo vimetafsiriwa katika lugha kadhaa. Wapo pia wanaochora hospitali, soko, daladala iliyofurika, mganga na wateja wake. Picha hizo huchukua majuma, na huuzwa polepole. Chui wa siku mbili ndiye anayelipa kodi ya nyumba mchoraji anaposhughulika na picha ya majuma. Sijaona mkosoaji akilisema hilo, na ni hesabu ya kawaida kabisa.

Ushirika wenyewe una mwenyekiti, katibu na mweka hazina, una mikutano, na una kelele zote zinazoambatana na mambo hayo. Kila mwanachama ana mahali pake pa kukaa, na picha zinauzwa pamoja. Sehemu ya mauzo hubaki chamani kwa ajili ya gharama za pamoja. Oda kubwa ikija kutoka nje, hugawanywa. Mwenzao akifiwa, wanachanga. Kwa mtu wa Dar es Salaam hayo hayana ajabu, ndivyo vikoba na vyama vya kuzikana vinavyokwenda. Ajabu ni kwamba wasanii, watu wanaosifika kwa kutokuelewana, wamekaa humo tangu 1990.

Hawakukaa kwa amani wakati wote. Bei ndiyo mgogoro wa kudumu. Mgeni akiingia anaanza kuzunguka, na mchoraji ambaye hajauza tangu Jumatatu ana haki ya kushusha. "Dada, hii ni bei ya kufungulia biashara," anasema, na jirani yake mwenye picha inayofanana anasikia, anajua amekwisha. Ukiwa na bidhaa ya kipekee unaweza kusimama na bei yako. Ukiwa na chui kati ya chui mia, bei yako inapangwa na mwenye njaa kuliko wote. Hapa nawapa haki kidogo wale wakunja uso. Kufanana kulikowalea wachoraji hawa ndiko pia kunakowashusha bei, na chama hakijapata dawa ya kudumu.

Na nje ya chama kuna bahari. Mtindo umevuka Oysterbay zamani. Utaukuta Slipway, Mwenge, Arusha, na Unguja umejaa Mji Mkongwe hadi Nungwi, ukichorwa na vijana ambao wengi hawajawahi kuwa na mjomba Tunduru. Wengine walifundishwa na aliyefundishwa na aliyefundishwa Morogoro Stores. Wengine wamejifundisha kwa kutazama. Mwaka 2010 runinga ya watoto ya BBC ilianza kuonyesha katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi, na watoto wa Ulaya wakakua na tembo na kiboko wenye madoa ya Mikoroshoni bila kujua Mikoroshoni iko wapi. Mtu akiniuliza kama hiyo ni heshima au ni hasara, nitasema ni vyote viwili, na kwamba hasara huonekana zaidi ukiwa umeketi juu ya kopo la rangi lililogeuzwa kuwa kiti.

Watu wengi hudhani sheria ingelimaliza hili. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ina COSOTA, ofisi inayosimamia hakimiliki. Lakini hakimiliki hulinda picha, hailindi namna ya kuchora. Chui fulani, alivyokaa kwenye kitambaa fulani, ni mali ya aliyemchora. Wazo la kuchora chui mwenye jicho kubwa juu ya rangi iliyolala halina mwenyewe, si hapa tu, karibu dunia nzima. Ushirika hauwezi kumshitaki kijana wa Nungwi kwa kuchora kama wao, na ungeweza, ungelazimika kuanza kwa kuwashitaki wanachama wake. Kila mmoja wao alianza kazi kwa kuchora kama mtu mwingine.

Ndani ya chama, mambo hayo husuluhishwa kwa namna ambayo mwanasheria asingeiita sheria. Umbo la kale, yaani chui, tembo, twiga na kanga wa Edward, ni la wote. Picha mpya iliyobuniwa na mtu na ikapendwa, wengine wataiiga, hilo linajulikana. Ila kuna aibu kuiiga mapema mno na kuiweka banda linalofuata wakati mwenyewe yumo anaitazama. Aibu si ulinzi madhubuti. Njaa ikizidi, inayeyuka. Lakini katika kundi la watu wanaochangiana misiba, ina uzito ambao barua ya wakili haina.

Kuna aina moja ya kukopi ambayo hata mimi siitetei. Kazi za mkono wa Edward mwenyewe ni chache, na zikipatikana leo huuzwa ghali Ulaya na Japani. Kwa hiyo kuna watu wanaochukua hadibodi kuukuu, wakachora simba wa kizamani, wakaizeesha kwa moshi na jua, wakaandika kwenye kona "E. S. Tingatinga". Mnunuzi hulipa akidhani ni mwaka 1970. Tofauti na chui wa Morogoro Stores ni ndogo kwa macho na kubwa kwa kila kitu kingine. Mwanachama anayechora chui anasaini jina lake. Anakuambia, bila haya, kwamba nimechora kama mzee. Mghushi anakuambia mzee ndiye aliyechora. Wa kwanza ni mpwa. Wa pili anapora maiti.

Kwa sheria ya Tanzania, hakimiliki ya picha hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Edward Tingatinga alifariki 1972. Maana yake ni kwamba tangu mwaka 2022 ulipokwisha, mtu yeyote anayetaka kurudia simba wake, kanga wake au chui wake, doa kwa doa, anaweza kufanya hivyo hapa nchini bila kumwomba mtu ruhusa. Pale Oysterbay sidhani kama kuna aliyeinua kichwa kutoka kwenye kitambaa chake siku hiyo ilipofika. Saini ndiyo ambayo bado hairuhusiwi.